Pampu Nyuma ya Ukuta

Bi Mwanakheir hakuwa mtu wa kugombana uchochoroni. Alianza kusomesha chuo cha Kurani katika ukumbi wa nyumba yake ya Kiponda kabla Yusra hajazaliwa, na nusu ya vijana wa mtaa ule walijifunza alifu na bee mbele ya magoti yake, Yusra akiwa mmoja wao. Kwa hivyo siku aliyomsimamisha mlangoni, mchana kweupe, watu wakipita na vikapu vyao kutoka sokoni, Yusra alijua kuna jambo.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Yusra, hicho kidude chako kinatukausha."

"Kidude gani, Bi?"

"Hicho cha simu. Tangu tuanze kukibonyeza, maji yakitoka hayakai. Ndoo ya pili haijai yashakata. Zamani tulipata taabu kuyangoja, lakini yakija yalikuwa yamekuja."

Yusra alihisi uso unamchoma. "Ile programu haiwezi kukata maji. Inapeleka habari tu."

"Mie sijui inapeleka nini. Nnajua ndoo zangu." Bi Mwanakheir alifuta mikono yenye unga kwenye kanga yake. Siku hizi alikuwa akioka mikate ya ufuta kwa kuuza, na bila maji hakukuwa na mkate. "Na nikwambie jengine. Mie sikibonyezi tena. Yakitoka nnajaza kimyakimya, jirani na ajijue. Sipendi kuwa hivyo, lakini ndivyo mlivyotufanya."

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyomkera Yusra njia nzima mpaka Mlandege. Alipanda ngazi za ofisini kwa hasira, akaupita mlango bila kusalimu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyombo vya plastiki, na kampuni yenyewe ilikuwa watu watatu. Yusra aliandika programu. Hamid, aliyesoma naye chuo kikuu, alikuwa fundi wa vifaa: waya, betri, vitu vidogo vya kuwasha na kuzima. Riyama hakuwa mwandishi wa programu wala fundi, lakini ndiye aliyejua watu. Angeweza kuingia nyumba asiyoijua akatoka ameshapewa chai na siri za ukoo.

Walianza na tatizo ambalo kila mtu wa Mji Mkongwe analijua. Maji ya mfereji huja kwa mgao, na mgao wenyewe hauna adabu. Leo alfajiri, kesho adhuhuri, keshokutwa hayaji kabisa. Wanawake hukaa nyumbani kuyangoja, kazi zao zikilala. Mwanzo walijaribu kundi la simu, lakini habari za maji zikazama chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya mazishi. Basi Yusra akaandika programu yenye vitufe viwili tu. Kimoja kina picha ya ndoo iliyojaa: yametoka. Cha pili kina ndoo tupu: yamekata. Ukibonyeza, kila aliye kwenye bomba lako anapata habari. Wenye simu za kawaida, na hasa watu wazima, Riyama aliwapigania wasiachwe, na ndipo likaja wazo la kubipu. Unaibipu nambari ya ofisi, inakata yenyewe, hulipi kitu, na majirani wanapata meseji.

Waliiita Yametoka. Ilishinda shindano moja la vijana wabunifu, wakapigwa picha, wakapewa fedha za kuanzia. Lakini kilichomfurahisha Yusra kuliko picha ni ile siku alipopita Mkunazini akamsikia mwanamke akimwambia mwenzake dirishani, "Nshapata habari, nnakwenda kufungua." Alitembea siku ile kama aliyevikwa joho.

Sasa alikuwa ameambiwa kidude chake kinawakausha watu.

"Bi Mwanakheir amechanganyikiwa," alisema Hamid bila kuinua macho mezani kwake, alikokuwa akilehemu kitu. "Maji yamepungua mji mzima. Watu lazima wapate wa kumlaumu."

"Mbona Kikwajuni hawalalamiki?" aliuliza Riyama.

"Kikwajuni bomba lao jengine."

Jibu lilikuwa zuri, na Yusra alitaka kuliamini. Lakini kila alipolitafakari aliona lina tundu. Mtu aliyemfundisha kusoma hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa.

Kesho yake alirudi Kiponda, akavua viatu, akaingia mpaka uani kwa Bi Mwanakheir. Ua ulikuwa mdogo, na ukuta wake wa nyuma ndio uliopakana na nyumba ya wageni ya Mansour, jumba la ghorofa lililopakwa chokaa mpya, lenye maua kwenye roshani na bafu katika kila chumba.

"Nielezee vizuri, Bi. Yakitoka, nini kinatokea?"

"Nnafungua, nnaona yanakuja kwa nguvu, nnabonyeza. Kabla sijageuka, lile dude la nyuma ya ukuta linaanza kunguruma. Likinguruma tu, mfereji wangu unakohoa."

"Mansour ana pampu siku zote."

"Alikuwa nayo, sikatai. Lakini alikuwa kama sisi, hajui yanatoka saa ngapi. Mpaka mfanyakazi wake azinduke akaiwashe, na sie tushajaza."

Yusra aliufungua mfereji. Ulitoa pumzi kidogo, halafu kimya. Hakukuwa na tone. Alitoa simu yake, akaitazama ile picha ya ndoo iliyojaa, ambayo aliichora mwenyewe akaibadilisha rangi mara chungu nzima mpaka Riyama akamcheka. Akaibonyeza.

Nyuma ya ukuta pampu ikanguruma.

Ilinguruma kwa sauti kavu, ya chuma kinachozunguka bila kuvuta kitu. Yusra alibonyeza ndoo tupu. Pampu ikanyamaza. Akabonyeza tena iliyojaa, ikanguruma, tupu, ikanyamaza. Bi Mwanakheir alikuwa ameshika kiuno, akitazama simu, akitazama ukuta.

"Kumbe," alisema.

Yusra angeona afadhali atukanwe.

Alitoka akazunguka hadi mlango wa mbele wa nyumba ya wageni. Ame, kijana wa Makunduchi aliyekuwa msimamizi pale, alimjua na akamkaribisha kwa furaha. Alipoulizwa kuhusu pampu hakuficha kitu, maana hakujua kuna cha kuficha.

"Si nyie wenyewe mliofunga, dada? Kaka Hamid alikuja na kila kitu. Tangu siku ile sihangaiki tena kuamka. Inawaka yenyewe, inazima yenyewe."

Alimpeleka chini ya ngazi. Pampu ilikuwa kubwa, ya kupandisha maji mpaka tangi la juu ya paa, na pembeni yake ukutani kilikaa kisanduku cheusi. Hakikuwa na jina la kampuni wala la mtu. Yusra alifungua kifuniko. Ndani kila waya ulikuwa umevikwa kimpira cha buluu na kulazwa sambamba na mwenziwe, bila hata mmoja kupishana. Alijua mkono mmoja tu duniani uliofunga waya namna ile. Alikuwa ameusifu mara nyingi.

Alirudisha kifuniko, akamshukuru Ame, akatoka.

Ofisini Hamid alikuwa akila urojo, Riyama akipokea simu. Yusra aliivuta ile simu mkononi mwa Riyama akaikata.

"Viko wapi visanduku vyengine?" alimuuliza Hamid.

"Visanduku gani?"

"Usinifanye mjinga. Nimetoka kwa Mansour."

Hamid aliweka kijiko chini. "Kaa kwanza."

"Sikai."

"Kiponda, Mkunazini, na kidogo Malindi. Nyumba za wageni tu. Nlikuwa nitakwambieni."

"Lini?"

"Ikishasimama vizuri. Yusra, hebu nsikilize. Zile fedha za shindano zilikwisha zamani. Kila meseji inayokwenda kwa wale wa simu za kawaida inalipiwa. Unafikiri inalipiwa na nini? Umewahi hata siku moja kuniuliza? Unaandika programu yako, unapongezwa, na meseji zinakwenda tu, kama hewa. Mie ndiye nliyezifanya ziende, kwa fedha za nyumba hizo."

Ilikuwa kweli kwamba hakuwahi kuuliza, na ukweli ule ulimuuma, lakini haukuipoza hasira yake. Uliizidisha.

"Wale wanawake wanafungua mfereji, wanaona maji, na jambo la kwanza wanalofanya ni kubonyeza ili na jirani apate," alisema. "Huo wema wao umeuchukua ukaufunga kwenye pampu ya Mansour. Kila wakisaidiana, yeye anavuta. Unaelewa ulichofanya? Wanaibiwa kwa kidole chao wenyewe."

"Pampu zilikuwepo kabla yetu."

"Lakini zilikuwa zimelala."

"Na Mansour ni mtumiaji kama mwengine. Habari yenyewe iko wazi, kila mtu anaiona. Habari haina mwenyewe."

Hapo Riyama alisimama. Alikuwa mtu wa kucheka, na Yusra hakuwahi kumwona na sura ile.

"Ina wenyewe, Hamid. Mie nliingia majumbani mwao. Nlikaa kwenye mikeka yao nikawaambia, bonyezeni, ni kwa ajili yenu. Wengine hawajui kusoma, nliwashika vidole. Nliwaambia hayo kwa mdomo wangu huu." Alijigusa mdomo. "Umeniuza mimi vilevile."

Hamid alijaribu kusema kuna mkataba wa mwaka mzima, kwamba hauvunjiki kwa hasira za siku moja, kwamba hata wao walikuwa wakila kwa mkataba ule bila kujua. Mwishowe alichukua mkoba wake na vifaa vyake vya kulehemu, akashuka ngazi. Urojo ulibaki mezani.

Yusra alikaa mbele ya kompyuta. Kitu kilichomjia kilimjia kikiwa kimekamilika, na kilikuwa kitamu. Visanduku vile vilisikiliza programu yake, na programu yake ilisema alichoiambia yeye. Angeweza kuviambia yametoka, akaviacha. Kila pampu ya kila nyumba ya wageni ingezunguka kavu mpaka iungue. Alianza kuandika. Vidole vilikwenda mbio kuliko siku yoyote ya kazi.

Riyama alisoma nyuma ya bega lake. "Unafanya nini?"

"Nawapa wanachokitaka."

"Pampu ikishika moto chini ya ngazi, katika nyumba zile za boriti? Nyumba ya pili ni ya Bi Mwanakheir."

Yusra hakuacha kuandika.

"Na Ame ndiye atakayefukuzwa. Mansour atanunua pampu nyengine."

Vidole vilisimama. Yusra alitazama mistari aliyoiandika, akachukia jinsi ilivyokuwa mizuri. Aliifuta. Halafu akafanya jambo jengine, lililomuuma zaidi: aliizima programu yote, na kwa kila aliyejiandikisha akapeleka ujumbe wa mwisho. "Yametoka imefungwa. Imetumiwa kukudhuruni. Njooni kwa Bi Mwanakheir, Kiponda, baada ya laasiri. Nitakwambieni mwenyewe."

Walikuja wengi kuliko ukumbi ulivyoweza kuchukua. Walikaa mpaka kwenye ngazi. Yusra alisimama pale alipokuwa akikaa utotoni na msahafu wake, akaeleza: kisanduku, pampu, nani alikifunga, nani alilipa. Hakusema "mwenzetu alikosea." Alisema, "Kampuni yangu ndiyo iliyofanya."

Alikuwa ametarajia hasira iende kwa Hamid na Mansour. Ilikuja kwake.

Bi Kazija wa Mkunazini, mshonaji, ndiye aliyeanza. "Mie nna mama kitandani. Nnamgeuza, nnamfua. Wiki nzima nlikuwa nnabonyeza hicho kitu nikisema angalau wenzangu wapate. Nani alikwambia uwape watu mlango wetu?"

"Hakuna aliyeniambia, Bi Kazija."

"Ulikuwa hujui?"

"Nlikuwa sijui."

"Basi ulikuwa unafanya nini huko ofisini?"

Mwengine akasema na yeye yake, na mwengine, na zilikuwa sauti za watu waliochoka, si za watu wanaotaka kujibiwa. Alizipokea amesimama. Hakulia, kwa sababu aliona kulia pale kungekuwa kuwaomba wambembeleze.

Aliyeukata ule mkutano ni Bi Mwanakheir. Aliinuka, akaingia uani, akatoka na ndoo mbili tupu. Moja alimpa Yusra.

"Nendeni mkachukue zenu," aliwaambia wengine. "Maji yetu yako juu ya paa la jirani. Tukayaombe."

Haikupita muda uchochoro wote ulikuwa umejaa ndoo na madumu. Walikaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, walikaa kwenye vidato, walikaa mlangoni kwenyewe. Hawakupiga kelele. Wageni waliotoka kwenda kutembea iliwabidi wainue miguu juu ya ndoo, wakiomba radhi kwa lugha zao. Ame alisimama ndani amejishika kichwa. Kisha akampigia simu tajiri wake.

Mansour alifika ana kanzu safi na sauti ya upole. Alimwamkia Bi Mwanakheir kwa heshima, maana na yeye alisoma kwake.

"Bibi, kuna nini tena? Si mngeniita tu tukazungumza?"

"Tumekuja kuteka maji, mwanangu."

"Maji haya nimeyavuta kwa umeme wangu."

"Umeyavuta kutoka kwenye mfereji wangu."

Mansour alitabasamu, akamgeukia Yusra aliyekaa na ndoo yake baina ya wanawake. "Mie nimenunua huduma kwa kampuni, na mwenye kampuni si huyu hapa? Nna mkataba. Mlaumuni yeye."

"Wameshanilaumu," alisema Yusra. Alisimama. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Wamenilaumu mbele ya watu, na wana haki. Sasa zamu yako. Ulipoambiwa pampu yako itajua maji yametoka, ulijiuliza itajulishwa na nani? Au ulijua kwamba ni hawa, ukaona ni sawa?"

Mansour alifungua mdomo. Mgeni mmoja, mwanamke mtu mzima mwenye kofia ya ukili, alikuwa amesimama mlangoni akimuuliza Ame kwa Kiingereza hawa wanasubiri nini, na Ame, kijana wa watu, alimjibu ukweli. Wanasubiri maji. Maji mnayokoga nyie.

Tabasamu la Mansour lilikwisha. Alimwashiria Ame afungue mfereji wa uani.

Walijaza mpaka magharibi ilipokaribia. Bi Kazija alipita mbele ya Yusra na dumu kichwani bila kumtazama.

Visanduku viling'olewa Kiponda, na baadaye Mkunazini pia, baada ya habari kuenea kwamba wanawake wanaweza kuja na ndoo. Malindi vilibaki, havina tena cha kusikiliza. Lakini pampu hazikwenda popote. Mansour aliajiri mtu wa kukaa karibu na mfereji mchana na usiku, na pampu ikaendelea kuvuta, ingawa imechelewa kidogo kama zamani. Yusra alitaka apate ushindi mkubwa kuliko huo. Hakuupata.

Programu waliijenga upya yeye na Riyama, na safari hii walikuwa wakiijenga ukumbini kwa Bi Mwanakheir, kompyuta juu ya meza ya kuviringia unga. Sasa mtu hawezi kujiunga mpaka majirani zake wamdhamini, na habari ya bomba moja haitoki nje ya bomba lile. Kwa meseji, kila nyumba inayoweza inachangia kidogo, na Riyama huwasomea hesabu hadharani. Haikushinda shindano lolote. Watu wengi hawakurudi, na Yusra hakuwalaumu.

Bi Kazija alirudi, lakini kwa sharti.

"Tutilie kitufe cha tatu," alisema, akiwa bado amenuna. "Cha pampu. Nikisikia linanguruma nibonyeze, na wenzangu wajue ni nyumba gani. Tutakwenda kubisha hodi."

Yusra alikitia. Siku ya kwanza kilibonyezwa mara nyingi kuliko vile viwili vyengine, na hodi zikabishwa.

Hamid alifungua ofisi yake Mbweni, karibu na mahoteli. Ilisemekana amepata wateja wazuri na amenunua gari. Yusra alikutana naye mara moja Darajani, katika msongamano wa Ramadhani, wote wawili wamebeba tende. Hamid alisimama akampa salamu, akaongeza kwamba yaliyopita yamepita, na kwamba ana kazi moja angependa waifanye pamoja, kubwa, ya maana.

Kuitikia salamu ni wajibu, na Yusra aliitikia, yote, mpaka baraka zake. Kisha akampita, akaenda zake Kiponda, hasira ikiwa bado nzima kifuani.